Mkunga wa Mtaa wa Skuli

Mtu akiniuliza Mkunga alikuwa mtu wa namna gani, mimi huanzia kwenye sabuni. Hakuwa akipokea malipo mengine. Ukishajifungua, ukakandwa na kufungwa tumbo, mumeo alimpelekea mche mmoja wa sabuni ya dukani, akauweka kizingitini pake na kuondoka bila kupiga hodi. Na sabuni yenyewe hakuitumia. Mikono aliiosha kwa ndimu na jivu, nguo alifua kwa jivu hilohilo, na miche ya watu aliipanga chumbani, mmoja juu ya mwenziwe, mpaka ukuta mzima wa upande wa kibla ukafichika. Ukiingia kwake, harufu ilikupiga mpaka kichwa kikauma. Siku moja, nikiwa kigoli, nilimuuliza yote hiyo ni ya nini.

“Ya kukoshea maiti,” alisema.

Nikamuuliza maiti gani, maana mtaani kwetu wakati ule alikuwa hajafa mtu. Akaonyesha kwa kidevu upande wa skuli, ambako watoto walikuwa wakiimba hesabu kwa sauti moja. “Wano,” alisema, yaani hao watoto. Kisha akaniambia nimsaidie kukuna nazi, na mimi nikakaa juu ya mbuzi nikakuna.

Jina lake alikuwa nalo, kama watu wote, lakini mtaani hakuna aliyelitaja hata alipokuwa hai, na mimi sitakuwa wa kwanza. Kwao ni wapi na wazee wake ni akina nani, hayo pia nayaacha. Kila aliyejaribu kuyafukua alirudi na hadithi yake, na hapakuwa na mbili zilizofanana. Nataka kumsema nilivyomjua mimi, niliyekaa jirani naye tangu utotoni mpaka mwanangu akapata kimo cha kunipita. Nilimwogopa na nilimpenda, na mambo hayo mawili hayajapatana moyoni mwangu mpaka leo.

Mtaa wetu uko mwendo wa mguu kutoka Konde, na zamani haukuwa mtaa. Serikali ilipotaka kujenga skuli, wenyeji waliipa ardhi wasiyoitaka wenyewe. Ilikuwa kichaka kitupu katikati ya mikarafuu ya watu. Kila aliyejaribu kupanda mkarafuu pale, mche ulishika, ukafika kimo cha mtoto, ukakauka. Baba yangu alikuwa mchoma chokaa wa Kisiwa Panza. Aliitwa kuja kuchoma chokaa ya kujengea madarasa, akatuleta mama na mimi, nikiwa nang'oka meno ya mbele. Alisema tutakaa mpaka skuli iishe. Skuli ikaisha, ikataka nyumba ya mwalimu, kisha birika la maji, kisha ukuta, na sisi tukawa tungali tupo. Akaja mjane mmoja wa Chokocho kuwapikia wanafunzi wa mbali. Akaja Muhindi na mkewe wakafungua duka. Wakaja wazazi waliochoka kuwaona watoto wao wakishika njia tangu alfajiri. Walijenga vibanda vya kupitisha siku za masomo tu, vibanda vikapigwa udongo, vikapata milango, na wenyewe wakasahau kurudi makwao. Mtu akikuuliza unakaa wapi, ulimjibu, “Skuli.” Hata sisi wanawake, ambao hakuna aliyetuita tukasome, tulikuwa watu wa Skuli.

Ajabu ya kwanza ilikuwa mashimo. Ardhi ya pale ni ya mawe, na kuchimba shimo la nguzo ni kazi ya kutoa jasho. Lakini kila aliyejenga alijichagulia mahali pake, akapima kwa kamba yake mwenyewe, akapiga jembe, na jembe likazama. Chini ya udongo wa juu palikuwa na shimo la zamani, la kina kilekile anachokitaka, limejaa mchanga laini na vigae vya vyungu. Nguzo iliingia kama iliyochongewa. Mwanzo watu walifurahi kwamba kazi imekuwa rahisi. Kisha Muhindi akachimba kidogo jikoni kwake ili mafiga yakae sawa, akakuta mafiga matatu mengine chini ya ardhi, meusi kwa masizi, pale pale alipotaka kuyapanga yake. Mkewe alipika uani kwa muda mrefu baada ya siku hiyo.

Watu wakamwendea Mkunga. Hakustuka wala hakujifanya amestuka. “Mwasema mwahamia,” aliwaambia. “Mwarudi tu nyie.” Kisha akamuuliza mjane wa Chokocho mbona dagaa wake siku hizi wana chumvi kali.

Nyumba yake mwenyewe ilileta ugomvi. Baba yangu alikula yamini kwamba siku walipokuja kufyeka kichaka, nyumba ile ilikuwapo, na mwenyewe amekaa mlangoni anachambua mchele. Fundi mkuu wa uashi alikula yamini kwamba haikuwapo. Wote wawili walikuwa watu wazima, hawanywi, na walikuwapo siku hiyo hiyo. Walibishana miaka, mpaka wakawa hawasalimiani vizuri.

Kati ya duka na ukuta wa skuli palikuwa na kiwanja ambacho hakuna aliyekijenga, japokuwa palikuwa pazuri kuliko pote. Mkunga akipita hapo asubuhi alisimama, akavua viatu, akasema, “Nashikamoo.” Akangoja kidogo. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeitikiwa, mara nyingine akacheka, akavaa viatu akaenda zake. Sasa fikiria, mwanamke yule alikuwa mkubwa kuliko kila mtu tuliyemjua. Hapakuwa na mtu Konde nzima wa kumwamkia yeye shikamoo, na kwenye kiwanja kile kitupu alikuwa akiamkia kwa adabu ya mtoto. Asubuhi moja alisimama muda mrefu zaidi, kisha akaja moja kwa moja kwetu, akamwambia mama, “Wacha kulia, nduguyo kapona.” Mama hakuwa amemwambia mtu kwamba analia, wala kwamba huko Panza ndugu yake ni mgonjwa. Habari ya kupona ilitufikia baadaye, kwa mtu aliyekuja kununua chokaa.

Usije ukadhani alikuwa mganga. Waganga aliwachukia kupita kiasi. Alisema ni walaji wa kuku wa watu, na mmoja alipokuja mtaani na mkoba wake, Mkunga alimfuata nyuma nyumba hadi nyumba akiiga mwendo wake wa kuchechemea, mpaka watu wakashindwa kujizuia kucheka na yule bwana akaondoka. Sala hazikumpita. Ramadhani alifunga na za sunna akaongeza. Alipenda umbea, hasa wa ndoa zilizoharibika, na alikuwa na ulimi ambao nisingependa watoto wangu wauone umeandikwa. Alipenda pia kuwaiga walimu wa Unguja wanavyosema. Mume wangu, Idrisa, alikuwa mmoja wao. Alipofika kufundisha, kabla hajanioa, aliagiza maziwa kwa Kiunguja chake safi, na Mkunga akamrudia neno kwa neno, kwa sauti ya puani, mbele ya wanawake wote waliokuwa kisimani. Idrisa alisimulia kisa hicho mpaka uzeeni, na kila mara alicheka yeye kwanza.

Lakini kazini hakuwa na mchezo. Mikono yake ilikuwa midogo na ya moto, na ikikugusa mgongoni uchungu ulitulia kidogo, kama umesikia umeitwa. Hakupiga kelele, hakumtukana mzazi kama wakunga wengine. Alikaa kimya muda wote. Mtoto akitoka, kabla hajakata kitovu, alimtazama usoni akamwambia, “Umechelewa.” Alisema hivyo kwa kila mtoto, kwa upole, bila kumlaumu. Wanawake wengine walicheka. Mimi niliposikia mara ya kwanza, nikiwa nimeshika taa kwenye uzazi wa jirani, niliisogeza taa ili nimwone usoni.

Kisha alinong'ona. Desturi yetu wote inajulikana, mtoto anapewa babake au mzee mwanamume, anaadhiniwa sikio la kulia na kukimiwa la kushoto, ili jina la Mungu liwe la kwanza kulisikia. Mkunga alimtangulia baba. Alimweka mtoto shavuni pake, akasogeza mdomo sikioni, akasema maneno machache ambayo hapana mama aliyeyashika. Ndipo akamtoa nje kwa babake. Mwalimu wa chuo cha Kurani alipojua alikuja juu, akasimama upenuni kwake akamwambia kwamba jambo hilo halina asili katika dini.

“Mgeni akifika kwako hajafumbua macho,” Mkunga alimjibu, “hutomwambia yu wapi? Mie namwambia yu wapi. Weye mwambie Mola wake.”

Mwalimu wa chuo alikuwa mtu mwema, hakupenda ugomvi na mwanamke mzee. Alirudi nyuma akaacha. Na ukweli ni kwamba katika watoto walionong'onezwa hakufa hata mmoja, wakati ule ambapo vijiji vingine vilizika watoto kila msimu. Mama mwenye akili hachezi na jambo kama hilo, liwe na asili au lisiwe nayo.

Tatizo lilikuwa kuondoka. Muhindi alikuwa wa kwanza kuligundua. Mkewe alizalishwa na Mkunga kama sisi, na mtoto alipokuwa ananyonya bado, Muhindi alipata nafasi nzuri sokoni Konde. Wakafunga mizigo. Huko Konde mtoto akakataa ziwa. Hakuwa na homa, hakulia, alikaa tu amegeuza shingo upande wa kwetu, na ukimgeuza alirudi vilevile. Walirudi juma lile lile. Mkewe alituambia kwamba gari la ng'ombe lilipopita nyumba ya kwanza ya mtaa, mtoto alivuta ziwa akanyonya mpaka akalala.

Wa pili alikuwa Faki, mtoto wa yule mjane wa Chokocho. Mamake alihamia na mimba yake, babake keshakufa, na Faki akazaliwa pale pale, na akili yake ilikuwa kali mpaka walimu walikuwa wakigombania nani amemfundisha. Alikuwa wa kwanza skulini kwetu kuchaguliwa kwenda kuendelea na masomo Unguja. Tulimshonea kanzu, tukamsindikiza kwa dua. Melini alianza kutapika kabla nanga haijang'olewa, wakasema ni bahari. Unguja hakushika chakula. Walimrudisha amebaki mifupa, amebebwa mgongoni na mtu asiyemjua, na alipowekwa chini mbele ya nyumba ya mamake aliomba muhogo, akala, akaomba mwingine. Hakuugua tena. Hakutoka tena pia. Walimpa kazi ya kufagia uwanja wa skuli, na saa za masomo ungemkuta amesimama dirishani na ufagio wake, anasogeza midomo pamoja na darasa. Mamake alimpita pale kila siku akienda na sufuria za chakula, na hakumtazama.

Mama huyo ndiye aliyekwenda kumlaumu Mkunga waziwazi. Mkunga alimsikiliza mpaka mwisho. “Ulitaka aishi,” alimwambia. “Hukuniambia aishi wapi.”

Idrisa hakuamini haya, au alisema haamini. Miji ya kale iko tele Pemba, alisema, na watu wa kale nao walikuwa na macho ya kuona pa kujenga, ndiyo maana mashimo yanalingana. Mtoto wa Muhindi alikuwa na tumbo. Faki alikuwa na unyonge wa kumkosa mamake. Alikuwa na jibu la kila kitu mume wangu, na nilimpenda kwa hilo. Lakini hata yeye alinieleza jambo moja kwa sauti ya chini. Darasani, watoto wakiwa wanaimba hesabu kwa pamoja, mara nyingine waliozaliwa pale mtaani walinyamaza ghafla, katikati ya neno, na wale wa vijiji vya mbali wakabaki wanaendelea peke yao. Halafu walionyamaza waliingia tena, pale pale panapofaa, bila kupotea. Akichungulia dirishani, alimwona Mkunga anapita barabarani. Hakuwa akitazama skuli. Alikuwa amejifunika ukaya wake, anakwenda dukani.

Kwa hiyo nilipopata mimba ya kwanza, Idrisa alisema mtoto wetu hatanong'onezwa. Alisimama mlangoni mwenyewe. Mtoto alipotoka, wa kike, Mkunga alimpa babake bila kumsogeza sikioni, hakukasirika. Tulimzika kabla ya akika. Wa pili alikuwa wa kiume. Naye alipewa babake moja kwa moja, akaadhiniwa vizuri, akakua, akaanza kukaa, akaanza kunishika pua na kucheka. Siku moja baada ya adhuhuri alilala na hakuamka. Wote wawili Idrisa aliwabeba akaenda kuwazika makaburini Konde, kwa sababu mtaani kwetu hapakuwa na kaburi na hakuna aliyetaka kuanza. Sitasema zaidi juu ya hao. Nilikaa ndani mpaka mama yangu akadhani nimeingia wazimu.

Mimba ya tatu ilipoonekana sikumngoja Idrisa aseme. Nilimwambia huyu atanong'onezwa, akitaka aniache. Alikaa kitako akashika tama. Mtu yule ndoto yake yote ilikuwa kupata mtoto atakayesoma akavuka maji, akaona mambo ambayo yeye hakuyaona. Akasema, “Fanya unavyotaka, mama watoto.” Aliniita mama watoto, na watoto hatukuwa nao.

Nikamwendea Mkunga. Alikuwa anapepeta mpunga uani.

“Bibi, huyu mnong'oneze.”

“Mumeo kasemaje?”

“Kakubali.”

“Wajua chamba hatokwenda pahala? Wamwona Faki.”

“Namwona. Na akae. Awe hai tu, Bibi, mengine siyataki.”

Aliendelea kupepeta, makapi yakawa yanaruka kati yetu. “Na weye?” aliniuliza.

Sikumwelewa. Nilidhani anauliza nina mipango gani, nikamjibu kwa haraka kwamba inshallah mtoto akishika shingo nitampeleka Panza akaone kwetu. Neno hilo nililisema kila mara, kwetu Panza, kwetu Panza, tangu nikiwa mdogo. Wenzangu walikuwa wakinitania kwalo. Mkunga alisema, “Haya,” akaweka ungo chini.

Uzazi ule ulikuwa mrefu. Ilikuwa mchana wa masika, mvua inapiga makuti, na nakumbuka mkono wake mgongoni na harufu ya mafuta ya mbarika. Kisha sikumbuki. Nilipotewa kabisa. Niliporudi, mtoto alikuwa amelazwa kifuani pangu, kichwa chake chini ya kidevu changu, analia vizuri, na Mkunga alikuwa ndiyo kwanza anainua uso wake kutoka kwetu, midomo yake ingali inasogea. Nikajua amekwisha kunong'ona. Nilimshika mkono nikaubusu, na alinipokonya kama nimemuunguza.

Tulimwita Shaame. Aliishi. Alipata surua akapona, aliangukiwa na tawi la mkarafuu akapona, wakati wa vita vya dunia mchele ulipoadimika alikula muhogo na majani kama sisi na akanenepa. Babake alimfundisha kabla ya skuli na baada ya skuli. Mara nyingi niliwatazama wamekaa mkekani na kibao kati yao, nikataka kumwambia Idrisa apunguze, asimpandishe mtoto juu kiasi hicho, kwa kuwa mimi na yeye tunajua atakwama wapi. Sikusema. Alikuwa anajua kama mimi, na bado hakuacha.

Basi mwaka ule, karafuu zikiwa zinachumwa, habari ikaja. Shaame amechaguliwa kwenda Unguja, kwenye masomo ya ualimu. Mtoto alikimbia mtaa mzima akitangaza. Faki aliacha ufagio, akaja akamshika mkono akautikisa muda mrefu. Hilo ndilo lililonivunja moyo. Idrisa alikaa upenuni ananitazama, na nikaona mume wangu, mwenye jibu la kila kitu, anangoja nifanye jambo.

Wakati huo Mkunga alikuwa hatoki tena. Macho yalikuwa yamekwisha, miguu ilikuwa imevimba, na wanawake wa mtaani tulipokezana kumlisha. Ilikuwa alasiri. Nilimkuta amelazwa upenuni kwake juu ya kitanda cha kamba, ameelekezwa kwenye upepo. Nilimwamkia, akaitikia marahaba kwa sauti ya mtu mzima kabisa. Nikakaa chini, nikaanza kumlisha uji wa mtama kwa kijiko, na nilingoja mpaka amekula nusu, kwa sababu niliogopa akikasirika hatakula.

“Bibi, Shaame anachukuliwa Unguja.”

“Nimesikia. Mtaa mzima umesikia.”

“Nimekuja kukuomba umfungue.”

“Nimfungue n'ni?”

“Ulichomnong'oneza. Najua nilikuomba mwenyewe. Najua nilisema akae. Lakini mtoto amefurahi mno, Bibi, na babake ni mtu mzima, sitaki kumwona analetwa mgongoni mwa mtu kama Faki. Kama kuna neno la kumwachia, liseme. Kama kuna kitu niache mimi, nitaacha.”

Alimeza uji polepole. Macho yake meupe yalikuwa yanatazama mahali juu ya kichwa changu.

“Ntoto yule sikumwambia neno,” alisema.

Nilimwambia nilimwona. Nilimwambia mdomo wake ulikuwa sikioni mwa mtoto.

“Ulikuwa sikioni mwako,” alisema. “Ntoto kalala kifuani pako, weye huna habari ya dunia. Nikakwambia weye.”

Kijiko kilikuwa mkononi mwangu, nakumbuka uji ulikuwa unanitiririkia kiganjani na sikuufuta.

“Wale wawili wa mwanzo walikuja vyema,” alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayemweleza mwenziwe mapishi. “Wakatizama, mama yao hayupo. Hukuwapo, mwanangu. Ulikuwa Panza. Kila siku wasema kwetu Panza. Ntoto akae na nani kuno? Ndo nikakukalisha weye kwanza. Ntoto kamkuta mama, akaishi. Yeye hana deni na mtu. Naende atakako.”

Furaha ndiyo iliyonijia mwanzo, na sitaki mtu anidhanie vingine. Mwanangu yuko huru. Nilitaka kuinuka nikimbie nikamwambie Idrisa. Ndipo nikakumbuka kwamba tangu nimzae Shaame sijaiona Panza. Wazazi wangu walirudi huko baba alipochoka na tanuri, na mara zote nilizofunga safari ya kwenda kuwaona palitokea jambo. Mvua, homa, mtoto. Mama yangu alipofariki nilitoka mbio, nikafika mahali mtaa unapokwisha, nikaanguka, na watu wakanirudisha wakisema ni jua na majonzi. Nami nilisema ni jua na majonzi. Nililia kwa kutomzika mama yangu miaka mingi, na kila nilipolia nililaumu jua.

“Na mimi, Bibi,” nilimuuliza, “nikitaka kwenda?”

Aligeuza uso kuelekea sauti yangu. Alionekana kushangaa kwa kweli, kama nimemuuliza jambo la kitoto.

“Kwenda wapi?” alisema.

Alinyoosha shingo kidogo, akauliza kama uji umebaki, nikamlisha uliobaki mpaka chini ya bakuli. Nilimfuta midomo, nikamfunika miguu, nikamuaga. Alikufa kabla ya mfunguo mosi, mwezi wa Idi. Tulimzika pale pale mtaani, kaburi la kwanza, na hakuna aliyebisha.

Idrisa nilimwambia nusu tu ya maneno hayo, kwamba Mkunga amesema mtoto aende. Aliniuliza kama nina hakika. Nikamwambia nina hakika. Aliingia ndani akajifungia, na nilimsikia akilia, mtu ambaye hakulia makaburini Konde.

Siku ya safari Shaame alivaa kanzu mpya na viatu vya babake vilivyotiwa vitambaa mbele. Idrisa alibeba sanduku. Gari la abiria la kwenda Wete lilikuwa likiondoka Konde kabla ya adhuhuri, na mtaa wote ulitoka kumuaga. Niliwasindikiza, nikimshika bega, nikimwambia mambo ambayo mama husema, ale vizuri, asiazime nguo za watu. Tulifika nyumba ya mwisho. Wao waliendelea kidogo, kisha Shaame akaona siko ubavuni pake, akageuka.

“Mama, huji mpaka Konde?”

“Nimeanika muhogo,” nikamwambia. “Kuku watanimalizia. Nenda, mwanangu, gari lisije likakuacha.”

Alirudi mbio akanibusu mkono, akamfuata babake. Nilisimama pale mpaka kanzu yake ikapotea kati ya mikarafuu. Sikuwa nimeanika kitu.